Kitovu cha Chura

Watu wengine hukutanishwa na harusi, wengine na foleni ya benki. Hawa wawili walikutanishwa na vumbi.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, katika soko la kazi za mikono lililopangwa chini ya jengo la maduka, mahali ambapo siku nyingine huegeshwa magari. Wasuka vikapu walikuwa wameshatandika, muuza sabuni ameshaanza kunukisha upande wake, na watu wanapishana kwa mabega. Mfinyanzi alikuwa amemaliza kupanga meza yake. Alivaa gauni la kijani lenye mifuko miwili mikubwa mbele na kitambaa cha njano kichwani, na chini ya kucha zake kulikuwa na udongo usiotoka hata kwa sabuni ya jirani.

Juu ya meza walikaa wanyama wake. Kulikuwa na konokono aliyevaa kiatu kimoja, twiga ambaye skafu yake iliishia nusu ya shingo, bundi wawili waliopeana migongo kama wamegombana tangu jana, na chura aliyejikinga na mwavuli mdogo kuliko kichwa chake. Watu walipita, wakarudi nyuma, wakacheka.

Mara vumbi jeupe likawamwagikia wote, chura na bundi na mwenye meza.

"Wewe wa huko juu," alisema bila kuinua sauti, "hao wameshaoga leo."

Mwanamume mmoja akashuka ngazini. Alikuwa mrefu, mkimya wa sura, shati lake la buluu limetapakaa madoa ya lipu mpaka kwenye kola.

"Samahani, dada. Nimeambiwa nizibe ufa huu kabla watu hawajaja. Naona watu wamenitangulia."

"Na vumbi lako limewakaribisha."

Mwanamume akatoa brashi laini kutoka mfuko wa nyuma, akaanza kumfuta mnyama mmoja baada ya mwingine. Mfinyanzi alikusudia kuendelea kumsema, lakini aliona jambo likamzuia. Wateja wengi humshika twiga shingo na sungura masikio. Huyu alimpakata kila mmoja kwa chini, kiganja kizima, kama mtu aliyebeba kifaranga.

Alipofika kwa chura akamgeuza. "Huyu ana tundu tumboni."

"Wote wanalo."

"Nikuzibie? Dakika moja tu. Kila kitu ninacho hapa."

"Thubutu. Hicho ni kitovu chake. Ulishaona mwenye tumbo asiyekuwa na kitovu?"

Fundi akacheka, na uso wake mkimya ukafunguka kama dirisha. "Basi nifungie. Nakwenda naye na kitovu chake."

Lilikuwa jibu la utani, na utani ni mtamu. Lakini kama mfinyanzi angemjibu la kweli siku ile, machozi mengi yangebaki machoni.

Namba ya simu ilikuwa kwenye karatasi aliyomfungia chura. Jioni ile ile simu ikaita.

"Chura anakusalimu," ilisema sauti.

"Salamu zimefika. Hali yake?"

"Analalamika mwavuli mdogo. Anauliza, mvua ikinyesha, anaweza kuhamia kwako?"

"Mwambie kwangu kumejaa. Nina tembo anayelala chali, amechukua kitanda kizima."

"Na mwenye chura je, naye hana nafasi?"

"Mwenye chura aje kwanza anywe chai. Nafasi haitafutwi kwa simu."

Akaja kunywa chai, akaja tena, na baada ya hapo hakuna aliyehesabu. Mfinyanzi alifanyia kazi katika chumba cha nyuma cha duka la mshonaji. Mbele mlisikika cherehani mchana kutwa pamoja na mdomo wa mshonaji mwenyewe, ambaye alijua habari za mtaa kabla hazijatokea. Nyuma mlikuwa na meza ndefu, rafu za kukaushia, ndoo za udongo, na tanuru la umeme lenye mlango mzito. Nyumbani kulikuwa ng'ambo ya ua, vyumba viwili alivyokaa na shangazi yake, dada wa baba, aliyemlea tangu akiwa mdogo na ambaye sasa macho yalianza kumfifia.

Fundi hakuwa mtu wa maneno mengi. Mapenzi yake yalikuwa mikononi. Siku moja Shangazi alijikwaa kizingitini. Kesho yake walikuta ukingo wa ngazi umepakwa chokaa nyeupe, mstari mnene ulionyooka, ili macho yale yaliyochoka yauone. Hakumwambia mtu. Aliuona pia ufa nyuma ya tanuru akauziba, na alipomaliza akabonyeza kidole gumba juu ya lipu mbichi, akakizungusha mara moja. Ikabaki alama ya duara.

"Hiyo nini?" mfinyanzi aliuliza.

"Saini. Baba alikuwa akifanya hivyo. Ukiona duara hilo ujue hapo pameshafungwa, hapatakusumbua tena. Kwetu tundu ni aibu ya fundi, laazizi. Siwezi kulipita."

"Siku moja utaziba hata pua zangu."

"Zile nitaziacha. Nazipenda zikikunjamana ukikasirika."

Basi, ikatokea mama mmoja akamrudisha bundi dukani, akisema sisimizi wamehamia ndani kupitia lile tundu la tumboni. Mfinyanzi alimpa bundi mwingine, akampa na pole, akaendelea na kazi. Fundi alikuwa pale anakunywa chai. Alilichukua neno lile akaliweka moyoni, kama alivyoweka moyoni kizingiti cha Shangazi.

Ndipo ikaja kazi kubwa. Mwalimu mkuu wa shule ya chekechea alileta bahasha iliyojaa michoro. Kila mtoto alikuwa amechora mnyama wake, na mwalimu alitaka wafinyangwe vile vile walivyochorwa, wapangwe dirishani katika darasa jipya.

"Simba huyu ana miguu mitatu," mfinyanzi alisema.

"Abaki na mitatu. Mwenye simba ameshanieleza kwa nini, na sababu zake zinatosha."

Alifinyanga kwa furaha ambayo hakuwahi kuipata. Simba wa miguu mitatu, samaki mwenye nywele, kuku mkubwa kuliko nyumba yake, ng'ombe anayecheka meno yote. Kila mmoja alimwacha mtupu ndani, akamfunga, na hapo hapo akamtoboa tundu chini ya tumbo kwa kijiti. Kwake lilikuwa kama kupumua. Halikaguliwi, halisahauliki.

Wakati huo huo Fundi alipata kazi ya lipu katika hospitali mpya ya mji wa mbali, ya wiki kadhaa. Mama yake aliishi huko.

"Twende wote walau siku mbili," alimwambia. "Mama amemwona chura kwenye picha, sasa anataka kumwona aliyemfinyanga."

"Nimalize wanyama wa watoto kwanza, kipenzi. Wako kwenye udongo mbichi, siwezi kuwaacha."

"Wanyama, wanyama. Siku moja nitawanyonga wote nibaki mimi."

Mfinyanzi alimrushia bonge la udongo likampata sikioni. Wakacheka mpaka mshonaji akachungulia kuuliza kama wanahitaji shahidi.

Keshoye mfinyanzi alimpeleka Shangazi kliniki ya macho, wakakaa huko tangu asubuhi mpaka alasiri. Fundi alisafiri jioni. Waliagana kituoni, yeye akiwa na begi na kofia yake ngumu ya kazini, na usoni alikuwa na tabasamu la mtu aliyeficha kitu.

"Unachekelea nini?"

"Utaona. Ukiona, nipigie."

Wanyama walikaa rafuni wakakauka taratibu, mpaka rangi yao ya kahawia ikapauka. Siku ya kuchoma ilipofika, aliwapanga ndani ya tanuru mmoja mmoja, akafunga mlango, akawasha. Ilikuwa asubuhi yenye jua. Alikuwa anamenya chungwa uani aliposikia mlio wa kwanza, puu, mzito, kama mtu aliyepiga godoro. Kisha mwingine. Kisha mfululizo.

Alizima umeme. Hakukimbia, maana tanuru halifunguliwi lingali na joto, na aliyepasuka hapasuki mara ya pili. Alikaa kwenye kigoda mpaka jioni, mshonaji amekaa naye.

Mlango ulipofunguliwa, hapakuwa na simba wala samaki. Palikuwa na vigae. Aliviokota polepole, akavitandaza juu ya gazeti, akivigeuza ili ajue amekosea wapi. Akakuta kipande cha tumbo. Pale palipotakiwa kuwa na tundu palikuwa pamezibwa, pamelainishwa kuliko alivyoweza kulainisha yeye mwenyewe, na katikati kulikuwa na alama ndogo ya duara la kidole gumba.

Alishika kipande cha pili. Duara. Cha tatu. Duara.

Alipiga simu. Upande wa pili mashine ya kuchanganyia zege ilikuwa inanguruma.

"Uliingia kazini kwangu siku ile tuko kliniki?"

Fundi akacheka. "Umeshaona. Nilikuwa nangoja simu hii."

"Uliwaziba."

"Wote. Hata yule kuku mkubwa. Nilitumia udongo wako mwenyewe, ule wa kwenye ndoo, usiseme nimekuletea saruji."

"Ulisema utawanyonga."

"Nilisema, eeh." Akacheka tena. "Sikusema lini."

Kicheko kile kilimwingia kama mwiba chini ya kucha. "Basi umewanyonga," alisema. "Usinipigie tena."

Akakata. Simu iliita, ikaita, akaigeuza kifudifudi. Ukaja ujumbe: "Nimekosa nini, laazizi?" Akausoma akiwa ameshika kigae mkononi, akaona kejeli juu ya kejeli.

Lililomuuma si wanyama. Wanyama wanafinyangika tena. Lilikuwa hili: kwamba pale mahali pamoja alipomruhusu mtu aingie na kutoka, mtu yule ameingia nyuma ya mgongo wake akaharibu, kisha akacheka.

Alikwenda shuleni kumweleza mwalimu mkuu. Alijiandaa kusikia maneno mabaya, na njiani aliyakariri yote ili yasimuume. Mwalimu alimvutia kiti kidogo cha watoto, akakaa kwenye kingine, magoti yakiwa kidevuni.

"Umeumia mkono?"

"Hapana, mwalimu."

"Basi hakuna kilichoharibika. Watoto watangoja. Kungoja nako ni somo, na mimi hulifundisha vibaya."

Akarudi nyumbani amepungukiwa na hasira ya mwalimu aliyoitegemea, hasira yake mwenyewe ikiwa imebaki pale pale. Usiku na mchana alivigeuza vile vigae. Shangazi, aliyekuwa amepewa miwani mipya mizito, alimtazama kwa siku kadhaa, ndipo akamwita. Mshonaji alikuwapo, anampimia Shangazi gauni.

"Mwanangu, miwani hii ni mizuri. Naona hata vitu visivyonihusu. Yule kijana amekufanya nini?"

Akaeleza. Alipofika kwenye kuziba, mshonaji akatoa pini mdomoni.

"Kumbe ndilo hilo? Jirani, ufunguo nilimpa mimi. Alishinda humo siku nzima. Nilisikia anaongea, nikadhani ana mgeni, nikachungulia. Anaongea na wanyama. Amemshika samaki, anamwambia, 'Tulia mama, nikufunge, sisimizi wasikuingie, bibi yako asirudishiwe tena kazi yake.' Niliona haya nikarudi kwenye cherehani yangu."

Shangazi alivua miwani yake.

"Nikuulize," Shangazi alisema. "Wewe ulimwambia lile tundu ni la nini?"

Mfinyanzi alifungua mdomo. Alikumbuka meza, vumbi, chura kiganjani.

"Nilimwambia ni kitovu."

"Na la kweli?"

"La kweli ni kwamba udongo ukiwa umefungwa pande zote, unyevu wa ndani haupati njia. Moto ukiwaka hugeuka mvuke, mvuke unatafuta pa kutokea, ukikosa unapasua."

"Hilo mimi nalielewa, na sijafinyanga hata kifuniko cha chungu. Yeye angelielewa."

Mfinyanzi alitoka hadi uani, akakaa kwenye ngazi yenye ukingo mweupe. Baada ya muda akapiga simu. Ikapokelewa na sauti ngeni.

"Fundi hayupo, dada. Kuna mwanamke alimpigia jana, tangu hapo hakula. Leo ameomba ruhusa akaondoka. Ameondoka na udongo wa msingi wetu kwenye kofia."

Aligeuka. Mshonaji alikuwa mlangoni, pini zake mkononi.

"Nilimpigia mimi," alisema. "Usinitazame hivyo. Nilijua wamepasuka, na wewe hupokei simu zake, nikaona hajui. Aliniuliza neno moja tu, 'Wote?' Nikamwambia wote. Akanyamaza mpaka salio langu likaisha."

Jumamosi mfinyanzi alipanga meza yake mahali pale pale. Alivaa gauni lile lile la kijani, na hakujisumbua kujiuliza kwa nini. Watu walikuwa wengi. Mteja mmoja alikuwa anachagua kati ya kobe wawili, na nyuma yake, akingoja zamu kama watu wengine, alisimama mwanamume mrefu mwenye shati la buluu lililofuliwa na kupigwa pasi. Madoa ya lipu yalikuwapo bado. Mikononi alishika kofia ngumu ya kazini, amefunika na kitambaa.

Mwenye kobe akaondoka. Fundi akasogea.

"Natafuta fundi wa wanyama," alisema.

"Umempata."

"Nina mgonjwa."

Akafunua. Ndani ya kofia kulikuwa na kitu cha udongo, kikubwa kama embe, chenye mabonde na vilima. Mfinyanzi alikitazama upande huu na upande ule.

"Nani huyu?"

"Kiboko."

"Kiboko ana mkia mnene hivi?"

"Huo ni mguu."

Alimpakata kwa chini, kiganja kizima, akamgeuza. Tumboni kulikuwa na tundu. Mgongoni pia, na kwenye mashavu, na kwenye kila mguu, na juu ya kichwa kati ya masikio. Kiboko alikuwa ametobolewa kama chujio.

"Nimemwachia njia kila upande," Fundi alisema, sauti imeshuka. "Niliogopa kukosea tena. Sikuja kujitetea. Nilipoambiwa wamepasuka, nilikumbuka kwamba nilicheka. Hilo ndilo lililonitoa kazini. Si kuziba. Kucheka."

Mfinyanzi alimtazama, pua zimekunjamana, ila safari hii si kwa hasira. "Mimi nilikwambia kitovu."

"Na mimi nikakwambia nitawanyonga."

"Mdomo uliponza kichwa."

"Vichwa viwili."

Muuza sabuni alikuwa ameacha kupanga sabuni zake. Mfinyanzi akavuta kigoda cha pili kutoka chini ya meza, akakisukuma kwa mguu upande wa Fundi. "Keti," alisema. "Unazuia wateja."

Alibaki siku zote za ruhusa yake. Kazi aliyopewa ilikuwa kukanda udongo, na alipokwisha kukanda, kushika zamu ya mwisho. Mfinyanzi alimfunga mnyama, akamtoboa, akampitisha upande wa pili wa meza. Fundi alimgeuza, akatazama.

"Tundu?"

"Lipo."

Simba wa miguu mitatu. "Tundu?" "Lipo." Samaki mwenye nywele, kuku, ng'ombe wa meno. Mbele, mshonaji alidai kwamba hajawahi kusikia wapenzi wakiambiana maneno ya ajabu namna ile, na kwamba ameanza kuyasikia ndotoni.

Waliwakausha bila haraka. Fundi akaenda kumaliza kazi yake hospitalini, akarudi siku ya kuchoma. Mfinyanzi alimpanga kiboko katikati ya wanyama wa watoto.

"Akitoka mzima," Fundi alisema, "nina neno la kukuuliza."

"Na akipasuka?"

Fundi alifikiri. "Sijafika huko."

Tanuru liliwaka, likazimwa, likaanza kupoa. Hakuna mlio uliosikika, lakini ukimya wa tanuru si ahadi. Fundi alikaa kwenye kigoda, mikono magotini, hakugusa mlango wala hakuuliza wakati. Mtu aliyezoea lipu hujua kungoja ikauke. Shangazi alimletea chai, akashuka ngazi yenye ukingo mweupe bila kupapasa.

Alasiri mfinyanzi akaweka kiganja juu ya mlango, akaona umepoa, akafungua. Alitoa simba kwanza. Amesimama kwa miguu yake mitatu, mzima. Samaki mzima. Kuku, ng'ombe, wote wazima, wamekuwa wekundu na wakigongwa wanalia kama kikombe kizuri. Akawapanga mezani mmoja mmoja, na mwisho akaingiza mikono yote miwili ndani.

Kiboko alitoka. Mwili ulikuwa mzima. Lakini sikio moja lilikuwa limebanduka, limebaki sakafuni mwa tanuru kama punje ya hindi.

Fundi alilitazama sikio lile kwa muda mrefu. Alitazama chini, kisha mlangoni, kama mtu anayepima umbali wa kuondoka bila kusumbua watu.

"Hakutoka mzima," alisema.

Mfinyanzi aliliokota sikio, akalitia kwenye mfuko mkubwa wa gauni lake ili lisipotee. Akamweka kiboko juu ya meza, karibu na simba wa miguu mitatu, akamgeuza wakatazamana.

"Uliza," alisema. "Yeye sikio moja limekwenda, lakini mimi yangu yote mawili yapo."

Upande wa mbele, cherehani ikanyamaza.